Mfalme Aliyegoma Kupiga Miayo

Paukwa, mliokaa na mliosimama!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, bondeni kulikuwa na ziwa moja tu, na mfalme wake alikuwa Kiboko. Sheria yake: hakuna kunywa maji kabla Mfalme hajapiga miayo. Kila siku wanyama walijipanga ukingoni, ndimi nje, wakimtazama mdomo. Akipiga, aaaah! wote chubwi, majini.

Pimbi jike alikuwa mwalimu wa watoto wao. Mdogo, mwoga, sauti nyembamba. Mfalme alimwagiza afundishe kwa nini Kiboko ni mfalme. Pimbi akawaza, akawaza, jibu halikuja. Akawaambia watoto, "Sijui, wanangu. Lakini kila amri ina mahali ilikotoka. Ulizeni."

Mfalme akaja kukagua darasa.

"Shikamoo, Mtukufu!"

"Marahaba. Haya, maji ni ya nani?"

"Yako," akajibu mtoto wa Ngiri. "Nani alikupa?"

"Baba yangu."

"Naye?"

"Babu."

"Na babu?"

"Mbingu!"

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na baba!"

Watoto wakacheka, kwa kwa kwa! Pimbi akatamani ardhi ipasuke, aingie.

Kiboko akavimba. "Pimbi! Ndiyo masomo haya? Basi leo sipigi miayo!" Akaenda ukingoni, akafumba mdomo, ndi!

Jua likapanda. Jua likawaka. Wazazi wakamgeukia mwalimu.

"Umetuponza!" akalia Nyumbu. "Kamwombe radhi!"

"Tulikuwa tunakunywa vizuri tu," akasema Ngiri.

"Mlikuwa mnakunywa," akauliza Pimbi, "au mlikuwa mnaruhusiwa?"

"Usituletee darasa hapa, tuna kiu!"

Pimbi akamtazama ndama wa Nyumbu. Amelala chini, pua imekauka, hata kulia hawezi. Basi Pimbi akateremka hadi majini. Akainama. Akanywa.



"Mkamateni!" akanguruma Kiboko.

Walinzi wake, Nyati wawili, wakatazama maji. Wakatazamana. Nao walikuwa na kiu. Wakainama, wakanywa.

Weee! Wote chubwi, huku ndama akitangulizwa mbele!

Nyumbu akainua kichwa, mdomo unachuruzika. "Aishi Malkia Pimbi! Kuanzia kesho hatunywi mpaka Pimbi apige chafya!"

"Aishi!"

Pimbi akashika kichwa. "Jamani! Nani kasema? Mwenye kiu anywe!"

Kiboko alikuwa amesimama pembeni, peke yake. "Na mimi, Mwalimu? Ninywe lini?"

"Una kiu, baba?"

"Sana. Nimefumba mdomo tangu asubuhi."

"Basi kunywa."

Kiboko akajipenyeza katikati yao. "Sogea kidogo, mwenzangu," akasema Ngiri, bila hata kumtazama. Kiboko akasogea.

Wasikilizaji, fundisho ni hili: mfalme hukaa juu kwa sababu walio chini wamekubali. Siku wakijifunza kuuliza amri imetoka wapi, kiti chake hutikisika. Na wakishamshusha mmoja, wasikimbilie kumpandisha mwingine.

Hadithi yangu imeishia hapo ukingoni. Mimi nimemaliza kusema, ninyi anzeni kuuliza.