Pampu ya Namsifu

Wivu huwasha pampu kavu. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkakimbilia kuniuliza kama anamtukana mtu. Hakuna aliyetukanwa! Kaeni, niwaeleze msemo huu ulikotoka.

Kule milimani Upare walikuwepo majirani wawili, Namsifu na Nakunda. Walichota maji mto mmoja, wakishuka pamoja na kupanda pamoja, miaka nenda miaka rudi. Kisha mkwe wa Nakunda akamfanyia mama mkwe wake makubwa: gata kuzunguka paa, tangi la kukinga mvua, na pampu ya kusukuma maji hadi jikoni. Siku bomba lilipofunguliwa, majirani waliitwa kuonja maji, kila mtu na kikombe chake, ndiyo desturi ya pale. Namsifu akanywa, akasema, "Hongera, jirani," huku roho inamuuma. Kwa nini yeye? Ana nini huyu ambacho mimi sina? Usingizi ukamhama.

Basi akamuuza ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee, aliyekuwa akiwanywesha wajukuu. Watoto wakarudi kwenye chai ya rangi, bibi akanunua tangi, na pampu kubwa kuliko ya Nakunda. Lazima iwe kubwa, ati!

Fundi Mbazi akafunga kila kitu barabara. Mvua tu ndiyo ilikuwa bado. "Mama," akamwonya, "pampu hii hupozwa na maji yenyewe. Usiiwashe tangi likiwa tupu. Mvua ikinyesha nitakuja tuijaribu."

Angengoja? Thubutu! Nakunda anafungua bomba kila asubuhi, naye bado anapanda mlima na ndoo kichwani. Nakunda akamwambia, "Chota kwangu, mwenzangu, utie tangini upate ya kujaribia." Namsifu akahisi kama amechomwa mwiba. Maji ya Nakunda yafungue bomba lake? Bora afe! Akamimina tangini ndoo nne za mtoni, maji yasifike hata kwenye tundu la bomba ubavuni mwa tangi, na Jumapili akaita watu waje kuonja.

Watu wakasimama jikoni na vikombe vyao. Akabonyeza swichi. Pampu ikanguruma, bomba likatema hewa, tone hakuna. "Yanakuja," akasema Namsifu, akaiacha iendelee kunguruma. Mara harufu ya kuungua, mara moshi, kisha pampu ikazima.

Mbazi alikuja mbio aliposikia. Kabla hajafika mlangoni, watu wakamrukia. "Fundi gani wewe? Umemuulia mama wa watu pampu! Usiguse tena nyumba ya mtu hapa!"

Mbazi alimtazama Namsifu tu, maana riziki yake sasa ilikuwa kinywani mwa mama huyu. Namsifu angeweza kunyamaza, mambo yakaisha hivyo. Nakunda alikuwa palepale, na kusema kweli mbele ya Nakunda kulimuuma kuliko kumpoteza ng'ombe.

"Mwacheni," akasema, machozi yakimtoka. "Alinikataza. Nilimwonea Nakunda wivu mpaka nikashindwa kungoja mvua. Sasa sina ng'ombe wala pampu, na wajukuu wananitazama. Msimlaumu fundi, jamani. Wivu huwasha pampu kavu."