Njaa ya Syombua

Njaa ya mama haiponi tumboni mwa mwana. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani maneno hayo, nanyi mkauliza yalitoka wapi. Yalitoka kwetu, upande wa Kitui, mwaka wa pili wa ukame.

Ng'ombe walikuwa wamekwisha, na chakula cha msaada kikaanza kuletwa kanisani. Kila mtoto wa chini ya miaka mitano alipewa unga wa uji, na kila mwezi alipimwa uzito. Aliyegawa na kupima alikuwa mama mmoja mtu mzima, Kavutha.

Miongoni mwa waliopokea unga walikuwa Syombua na bintiye Mueni, wa miaka miwili. Mwezi wa kwanza Mueni alipungua. Mwezi wa pili akapungua tena, hali wenzake waliokunywa uji wa unga ule ule walikuwa wakinenepa. Watu wakasema Syombua anauza unga, na kamati ya msaada ikakusudia kumfuta kwenye orodha. Kavutha akaomba kwanza aende akajionee.

Alifika asubuhi, uji ukiwa umeshapoa. Syombua alijaza kikombe, akamlaza mtoto mapajani, akambana mikono, akamziba pua. Mtoto alipofungua kinywa avute pumzi, uji ukamiminwa. Akapaliwa, akalia, akatapika. Mama akamfuta, akajaza kikombe tena. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haraka ya mtu anayezima moto.

Kavutha akamshika mkono, akamwuliza yeye mwenyewe alikula lini. Syombua akasema labda juzi.

"Mbona unamlazimisha hivi, mwanangu?"

Syombua akaweka kikombe chini. Kisha akaeleza njaa ya utotoni mwake, jinsi mdogo wake alivyoomba uji, mama yao akamwambia asubiri kesho. Kesho yake mdogo huyo hakuamka.

"Nikiona kikombe hakijaisha, namwona yeye," alisema.

"Yule alikufa kwa kukosa," Kavutha akajibu. "Huyu anakikimbia kikombe. Njaa unayoilisha ni yako, na njaa ya mama haiponi tumboni mwa mwana. Kunywa wewe kwanza."

Syombua alikataa, akisema unga ni wa mtoto. Kavutha akakaa kitako mlangoni, akasema haondoki. Basi Syombua akanywa, taratibu, machozi yakimtoka. Mueni alikuwa ameegemea ukuta, akimtazama mama yake anavyomeza. Hakuna aliyemwita. Baada ya muda alisogea, akachovya vidole katika sufuria, akalamba. Syombua alinyoosha mkono amshike. Kavutha akatikisa kichwa. Mtoto akalamba mara nne, akaenda zake kucheza.

Siku ile uji mwingi ulibaki, na Syombua hakuwa na raha. Zilipita wiki nyingi kabla hajaweza kuona kikombe kimebaki nusu akakiacha. Lakini mwezi wa tatu uzito wa Mueni ulipanda kidogo, na wa nne ukapanda zaidi. Kamati ikaandika na jina la Syombua mwenyewe, kwa kuwa Kavutha aliwaambia kwamba nyumba ile ilikuwa na wenye njaa wawili.

Ndiyo maana kwetu mzazi akimbana mtoto ili ale, hatuulizi mtoto ana nini. Tunamwuliza mzazi yeye alikosa nini, kisha tunamwambia: njaa ya mama haiponi tumboni mwa mwana.