Mkungu na Mwasumini wa Bi Mwanakheri

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeiamuru mbegu ikapasuka gizani ikaitafuta nuru, aliyeujaalia mti mmoja kivuli na mwingine harufu, wala asiudhulumu hata mmoja. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba wake wema.

Ama baada ya hayo, hadithi hii asili yake ni Kimbaoni, mji wa mawe na chokaa, ambako nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Ilianza vinywani mwa wanawake wasukao ukili wa mikeka, ikapokewa na wanavyuoni wakaijadili hata wakakosana, kisha ikatoka msikitini ikaenea. Itegeeni masikio, na kila mmoja wenu aiandae hukumu yake.

Hapo zamani, katika mji huo, paliondokea mwanamke aitwaye Bi Mwanakheri binti Abudi. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, akamwachia nyumba, na binti mmoja jina lake Somoe, na nyuma ya nyumba bustani ndogo kando ya kisima, ambayo ukitandika majamvi mawili imekwisha.

Ndani ya bustani hiyo ilisimama miti miwili. Wa kwanza ulikuwa mkungu, nao aliupanda Bwana Shekue, ndugu wa marehemu. Kila aliyeuona aliusifu. Matawi yake yalitanda tabaka juu ya tabaka, kama ghorofa za nyumba ya mfalme. Majani yake mapana kama sahani. Na kabla ya kuanguka yaligeuka mekundu, ukadhani mti umevalishwa hariri. Jua la adhuhuri lilipouchoma mji mzima, chini ya mkungu mtu alijifunika shuka.

Wa pili ulikuwa mwasumini, nao aliupanda Bi Zena, mdogo wake Bi Mwanakheri. Alikileta kitawi chake kimefungwa katika kitambaa kibichi, akakizika kwa vidole vyake mwenyewe. Huo haukuwa mrefu kupita kifua cha mtu, lakini magharibi ilipoingia ulifungua maua meupe madogo, na harufu yake ikapita kuta bila kubisha hodi. Maarusi wa mtaa ule wote walitungiwa vikuba kwa maua yake, na wapita njia walipunguza mwendo bila kujua sababu.

Bustani ndogo, miti miwili. Mkungu ulipotanuka, mwasumini ulikosa jua. Ukabaki majani matupu, mwaka ukapita na mwaka mwingine ukaja, hata ua moja lisionekane. Bi Zena akawa akija kumtazama dada yake huugeuzia mkungu kisogo, na Bwana Shekue akiona hivyo hujifanya anahesabu ndoo za kisimani.

Basi Somoe aliolewa, na kabla ndoa haijazoeleka mumewe akachukuliwa na homa. Akarudi kwa mama yake kukaa eda. Alikaa kama sheria inavyotaka: bila wanja, bila ua, bila manukato. Siku zikatimia. Wanawake wakaja kumtoa eda, wakamwogesha, wakamvika nguo njema, wakamwombea dua. Somoe akawaachia mwili wake waufanye watakavyo. Walipokwisha alirudi chumba cha ndani, akafunga madirisha, akaketi gizani. Eda ilikwisha kwa watu wote isipokuwa kwake. Hakunena tena. Chakula alikigusa kwa ncha za vidole, na mama yake akaanza kuiona mifupa ya mabega ikichomoza chini ya kanga.

Bi Mwanakheri alijaribu kila linalojaribiwa. Alimsomea, akamkemea, akamlilia. Mwisho, asubuhi moja baada ya swala, mbele ya ndugu na majirani, aliinua mikono akasema:

"Nimeweka nadhiri kwa Mola wangu. Yeyote ambaye kazi ya mkono wake itamtoa mwanangu chumbani na kumrudishia kauli, bustani ya kisimani ni yake peke yake. Humo atapanda apendacho na kung'oa asichokitaka."

Sasa, ukuta wa pili alikaa jirani, Bi Mize, mwanamke mwenye ulimi ambao wachuuzi waliuzunguka mtaa kuukwepa. Tawi moja kubwa la mkungu lilivuka ukuta likatanda juu ya dari yake, pale alipoanika mtama, na kila upepo ulipovuma mtama ulifunikwa na majani. Alikuwa amelalamika mara nyingi. Bwana Shekue alimjibu kwamba amshukuru, maana sahani zote hizo anazipata bure. Hata siku moja, Somoe angali katika eda na Bwana Shekue yuko shamba, Bi Mize alimwita mkata miti, akamkalisha juu ya dari yake mwenyewe, na tawi likashuka. Hakuomba ruhusa. Bwana Shekue aliporudi na kuliona kovu, aliapa kutomsalimu wala kumsemesha, na Bi Mize akasema hajawahi kupata zawadi kubwa kama hiyo.

Lakini mahali palipotoka tawi paliingia jua, na jua likaushukia mwasumini. Mvua za vuli ziliponyesha, vichipukizi vikatoka. Na jioni moja baada ya nadhiri, maua yakafunguka yote kwa pamoja.

Bi Mwanakheri alikuwa ameketi karibu na bintiye gizani. Harufu ikaingia kwa upenyo wa dirisha. Akamwona Somoe ameinua uso, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Somoe akasimama, akapapasa ukuta, akaufungua mlango wa nyuma. Alisimama mbele ya mwasumini hata usiku ukaingia, kisha akarudi ndani kimya.

Kesho yake alitoka tena, safari hii mchana. Jua likampiga usoni. Macho yaliyozoea giza yakajaa machozi, akajifunika kwa mkono, akageuka arudi chumbani. Lakini katika kugeuka alikanyaga ubaridi. Kivuli cha mkungu kilikuwa kimemfikia. Akasogea ndani yake, mkono ukashuka, macho yakafunguka. Bi Mwanakheri akatandika jamvi upesi, bila kusema neno, asije akamshtua.

Toka siku hiyo ikawa jioni humtoa mwasumini, na mchana humweka mkungu. Akaanza kula. Hata adhuhuri moja, Bi Zena akiwa amekaa hapo anatoa nasaha ndefu juu ya subira, kungu, tunda la mti ule, likaanguka likampiga utosini katikati ya neno. Somoe akacheka. Kisha akanena, kwa sauti iliyokwaruza:

"Mama, nipe ukili nisuke."

Bi Mwanakheri alisujudu palepale juu ya majani makavu. Na alipoinua uso, nadhiri ilikuwa inamngojea.

Akawaita shemeji yake, mdogo wake na jirani yake barazani. Bwana Shekue akatangulia kusema.

"Shemeji, mwanao alitoka jioni moja akarudi gizani. Hakubaki nje ila kwa kivuli changu, hakula ila chini ya kivuli changu, wala hakunena ila chini ya kivuli changu. Kutoka si kupona. Bustani ni yangu."

Bi Zena akasema: "Dada, mkungu huu ulisimama hapa siku zote alizokaa ndani. Ulimwita? Ulimtoa? Mtu hawezi kupokewa na kivuli kabla hajavuka mlango. Ua langu ndilo lililomvusha. Bustani ni yangu."

Bi Mize akajitandia kanga, akasema: "Na ua hilo lilikuwa wapi miaka yote? Lilikuwa likisubiri jua, na jua nimelileta mimi. Bustani ni yangu."

Bwana Shekue, kwa hasira, akavunja kiapo chake akamsemesha. "Wewe ulikata kwa chuki. Ulikuwa ukimfikiria Somoe, au mtama wako?"

"Mtama wangu," akajibu Bi Mize. "Sitamdanganya mtu mbele ya Mungu. Lakini mti wako huo, Bwana Shekue, katika matawi yake yote lililofaa watu ni lile lisilokuwapo."

Hata Bi Zena alificha kicheko.

Bi Mwanakheri akawauliza kila mmoja ataifanyia nini bustani. Bwana Shekue alisema ataung'oa mwasumini, ili mkungu upate nafasi ya kuziba kovu lake, maana mti uliokatwa upande mmoja huelemea upande wa pili, na upande huo ni wa kisima. Bi Zena alisema ataukata mkungu, maana tawi litachipua tena na maua yatakoma tena. Bi Mize alisema hatang'oa chochote. Atakata kila mwaka upande wake, na mti ukiangukia kisima, hiyo si dari yake.

Mama yule akaenda kwa kadhi. Kadhi akakusanya wanavyuoni, nao wakagawanyika. Wako waliosema kazi hupimwa kwa nia, na Bi Mize hana nia. Wako waliojibu kwamba nadhiri ilitaja mkono, haikutaja moyo. Tena aliyepanda mkungu na aliyepanda mwasumini nao hawakuwa na nia ya kumponya mtu, walitaka kivuli na maua tu. Wako waliosema sababu ni ile ya kwanza, na waliosema ni ile ya mwisho. Kadhi akamrudishia Bi Mwanakheri neno lake, akamwagiza alitimize kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama.

Ugomvi ukaendelea barazani, na Bi Mwanakheri akaona mkono wa Somoe unazidi kuwa mzito juu ya ukili. Akaogopa kuliko alivyoogopa wakati wa giza. Akamketisha, akamuuliza yeye mwenyewe.

Somoe akauweka ukili kando. "Mama," akasema, "ua liliniita, na kivuli kikanipokea. Ukininyima kimojawapo, sijui nitasimama wapi. Na msumeno wa Bi Mize siwezi kuushukuru, wala siwezi kuulaani."

Siku ya mwisho ya Shaabani ikafika. Alasiri, Bi Mwanakheri alisimama kwenye mlango wa bustani, ufunguo mkononi. Huku Bwana Shekue, huku Bi Zena, huku Bi Mize, na nyuma yao Somoe ameketi juu ya jamvi, ukili umelala mapajani. Mikono mitatu ilinyooshwa, na mwezi ulikuwa karibu kutazamwa.

Enyi mliosikia, wake kwa waume: ufunguo ni mmoja, na neno alilompa Mola wake halirudi. Aliyeita, aliyepokea, na aliyefungua njia bila kujua. Je, nani alistahili?

Mwenyezi Mungu awabariki nyote mliotega masikio. Awape wagonjwa wenu wa kuwaita, na wa kuwapokea wakishatoka. Aviweke visima vyenu na maji, na nyumba zenu na watu. Amina.