Lita Tatu za Byabato

Sogeeni karibu, na mwenye swali alimeze, maana leo wa kuuliza ni mimi.

Huko Rukaza, katika kiwanda kidogo cha spiriti ya kusafishia vidonda, walikuwapo wapimaji watatu. Ndyetabula alikuwa na mkono wa mizani. Gramu moja haikumpita. Kokwijuka alikuwa na jicho la chupa. Akiinamia alama za kioo, hata upungufu wa tone aliuona. Muganyizi alijua joto, na kipimajoto chake hakumwazima mtu.

Na alikuwapo Byabato, mchanganyaji wa spiriti na rangi, mume wa Kemilembe. Zamani alikuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni. Sasa mwaka wa saba hajaonja. Kiu ikimjia hutafuna buni za kahawa kama wazee wa kwao.

Siku moja spiriti ililetwa kali, haijachanganywa na maji kiwandani ilikotoka kama walivyozoea. Byabato akamimina lita hamsini za spiriti na lita hamsini za maji katika pipa moja. Msimamizi akatumbukiza kijiti cha kupimia, akasoma lita tisini na saba.

"Tatu ziko wapi, Byabato?"

"Sijui, bwana. Sijaonja hata tone."

Kiwanda kizima kikacheka. Ati spiriti na maji vimenywana! Byabato akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Nyumbani, Kemilembe alikuwa na mimba ya miezi sita. "Fungua kinywa," alimwambia mumewe. Akanusa, kisha akamfungia mlango.

Byabato akaenda moja kwa moja kilabuni, akanywa kweli. Akaanguka migombani, mvua ikamnyeshea mpaka walipomkuta. Siku ya tisa homa ya mapafu ikamwondoa.

Matangani, Kokwijuka alishindwa kula. Kesho yake kiwandani, mbele ya wote, akachanganya nusu lita ya spiriti na nusu lita ya maji katika chupa yenye alama. Lita haikutimia. Zilipungua mililita thelathini, na hakuna mdomo uliogusa chupa ile.

"Zimeruka hewani," akasema msimamizi. "Spiriti huruka."

Ndyetabula akaleta mizani, wakaanza upya. Maji peke yake gramu mia tano, spiriti peke yake mia nne na tano, mchanganyiko mia tisa na tano.

"Hakuna kilichoruka, bwana. Vyote vimo humu, vimebanana tu."

"Basi ni baridi. Kitu kikipoa hunywea."

Muganyizi akatoa kipimajoto. Walipochanganya tena, chupa ilipata joto yenyewe, bila moto. Akaiacha mpaka ikarudi nyuzi ishirini na tano, zile zile za maji na spiriti kabla havijakutana. Thelathini bado zilipungua. Msimamizi akavua kofia.

Sasa, katika ukoo wa Byabato, mtoto anayezaliwa baba yake hayupo hupewa jina na mtu aliyemtendea marehemu jema la mwisho. Kemilembe akajifungua mtoto wa kiume, na wapimaji wote watatu wakabisha hodi.

"Mimi ndiye niliyeanza, shemeji," akasema Kokwijuka. "Nisingechanganya, nani angejua kwamba lita hupungua?"

"Na bila mizani," akasema Ndyetabula, "zingebaki zimeruka, na jina la marehemu lingebaki na doa lile lile."

Muganyizi akasema, "Mimi nimemfunga mdomo msimamizi. Neno la mwisho ni langu."

Kemilembe akamlaza mtoto kitandani. Alikuwa akikumbuka kinywa kile alichokinusa mlangoni. Kilinuka kahawa tupu. Alijiambia kwamba mume wake ametafuna buni ili kuficha pombe, na alijua, hata akiwa anasukuma komeo, kwamba huenda anajidanganya. Akawatazama wageni wake. Vipimo vyao vilichukua asubuhi moja tu, na chupa, mizani na kipimajoto vilikuwa rafuni siku ile Byabato alipofukuzwa, nao walikuwapo, wakacheka na wenzao.

Mtoto analia kitandani, jina hana. Mama yake amekaa kama naye amekwisha kuzikwa, na watatu wale wamenyoosha mikono, kila mmoja akitaka kumpakata na kumpa jina.

Haya, mlionisikiliza: mtoto huyu mngemweka mikononi mwa nani?