Vikombe vya Kengele Tano

Msala wa mpita njia huvutia macho, lakini mwenyewe akishamaliza kusali huukunja akaenda zake. Utakaolalia usiku ni mbacha wako mkuukuu. Clement Pargeter alilijua hilo akiwa amekwisha kuchelewa.

Nyumba ya wageni ya Kengele Tano, pale Ashlow, ilikuwa ya akina Pargeter tangu enzi za babu wa babu yake. Juu ya kaunta kila mwanakijiji alikuwa na kikombe chake cha bati kwenye kulabu, na mgeni hakuthubutu kukigusa. Mwenyewe akifa, kilibaki palepale. Cha marehemu baba yake Clement kilitangulia vyote.

Kisha magari ya waendao pwani yakaanza kufurika. Clement akataka meza za vitambaa vyeupe, akavibwaga vikombe vyote sandukuni.

"Chukueni vyenu! Na buti hizo za matope, mkanywee zizini!"

Mzee Silas Tuffin, mkuu wa wapiga kengele wa kanisa, alikifuta chake kwa koti. "Mwanangu, ulijifunza kutembea ukishika benchi hili. Hao wa magari, hata jina lako wanalijua?"

"Wanaijua njaa yao, Mzee. Inatosha!"

Mwaka wa tatu ikafunguliwa barabara mpya, maili mbili nje ya kijiji. Majira yote ya joto Clement alikaa mlangoni akisikia magari kwa mbali tu. Vitambaa vilibaki vyeupe pe, na ilimuuma.

"Kawaombe radhi," mkewe Maud alimwambia. "Utakufa na kiburi chako?"

Aliwakuta ghalani kwa mhunzi, wakinywa baada ya mazoezi ya kengele. Vikombe vilining'inia kwenye misumari. Akavua kofia.

"Nimekosa, wazee wangu. Rudini nyumbani."

"Tulishakusamehe," Silas alisema. "Ila nyumbani ni hapa sasa. Keti unywe."

"Sina kikombe."

Silas akatungua kimoja, akamjazia bia. Kilikuwa cha baba yake.

"Tulikikuta chini kabisa ndani ya sanduku lile. Hukuwahi kukiulizia."

Clement alikinywea huku machozi yakimtoka, wala hakuyaficha. Kabla ya Krismasi Kengele Tano ikauzwa, na jina la Pargeter likafutwa juu ya mlango. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.