Mshale Uliokatwa Barazani

Hapo zamani, katika nchi ya Gongwe, palikuwa na Sultani aitwaye Hamadi, mpenda mawindo asiyepata mnyama. Upinde wake aliurithi kwa babu yake, mtu wa mabega mapana, na kila mshale alioupiga uliangukia majanini, mbele kidogo ya miguu yake. Paa walikwisha kumzoea. Walimtazama huku wakila.

Basi Sultani akasema kosa ni la mishale, ni mizito. Mchonga mishale wake, Mbaruku, akachonga myepesi, ikayumba, ikaanguka. Akachonga mizito zaidi. Ikaanguka bila kuyumba. Ikawa Mbaruku kutiwa gerezani, na amri ikatoka:

"Kesho Ijumaa, baada ya sala, nataka mshale wenye uzito unaoufaa mkono wangu, usizidi wala usipungue. Ukikosekana, Mbaruku atakatwa mkono. Na yeyote atakayesema kwamba upinde wa babu yangu ni mgumu, au kwamba mimi ni dhaifu, atakatwa ulimi."

Mbaruku alikuwa na dada, Sikudhani, fukara asiye na viatu, aliyeitwa punguani kwa kuwa kila alichoambiwa alikifanya kama kilivyosemwa. Aliyarudia maneno ya amri moja moja, akiogopa asije akaruka hata moja, mpaka akatambua kwamba kilichokatazwa ni kusema. Kupima hakukukatazwa.

Kesho yake akaingia barazani na mshale mmoja na kijisu cha kumenyea muhogo.

"Ewe punguani," akasema waziri, "si ndio huo ulioanguka juzi?"

"Ndio huo, bwana waziri. Haujapimwa." Akapiga magoti. "Maulana, nakusihi uuvute, ila usiuachie."

Sultani akaupachika kwenye upinde wa babu, akavuta. Mishipa ikamtoka shingoni, kilemba kikaenda upande. Ugwe wa upinde ukasogea kiasi cha shibiri, ukagoma. Mshale ukabaki umejitokeza mbele kama ufito wa kuangulia mapapai.

"Hapo hapo, Maulana." Sikudhani akautia alama ya mkaa pale ulipogusana na upinde. Kisha akauchukua, akaukata kwenye alama, akakihamishia kigumba, ile ncha ya chuma, kwenye kipande chenye manyoya, akakikaza kwa uzi. Mshale ukawa na urefu wa upawa.

"Na hiki kilichobaki," akasema, akikiinua kile kipande kirefu, "ndicho uzito uliozidi. Maulana alikuwa akikibeba bure."

Waziri akaikagua dari.

"Umesema mimi ni dhaifu?" akauliza Sultani.

"Sikusema, Maulana. Nimekata."

"Basi umesema upinde ni mgumu?"

"Hilo nalo sikulisema. Kama Maulana ameliona, ni kwa macho yake mwenyewe."

Sultani akaweka kile kijishale upindeni, akakipiga kupitia dirishani. Kikaenda, kikajichoma katika mgomba wa uani. Tangu azaliwe hakuwahi kulenga kitu akakipata. Akautazama mgomba, akakitazama kile kipande kirefu, akaangua kicheko mpaka kilemba kikaanguka. Waziri naye akacheka, baada ya kuhakikisha.

Basi Mbaruku akafunguliwa na mikono yake yote miwili, akaamriwa kuchonga upinde laini na mishale ya kuufaa. Sikudhani akapewa nyumba, ng'ombe wa maziwa na viatu. Upinde wa babu ukatundikwa ukutani, na mgeni akiuliza habari zake, waziri humjibu kwamba unapumzika.

Na paa wa Gongwe, ndipo walipoanza kukimbia.