Ufunguo wa Kibanda cha Langoni

Hapo zamani za mkonge, sogeeni niwape neno mligombanie. Nyapara Semboja alikuwa na wake wawili, na shamba alilolisimamia lilikuwa na nyoka wengi kuliko wakataji. Langoni palikuwa na kibanda cha dawa, na ufunguo wake mke mkubwa, Mize, aliufunga kiunoni miaka ishirini. Mize alichemsha mzizi mchungu. Aliyeumwa aliungoja uive, akaunywa, akatapika, akapona.

Akaja kuolewa Chausiku na unga wake wa majani, unakorogwa kwa maji na kunywewa papo hapo. Chausiku akautaka ule ufunguo. Mize akashikwa na wivu, akakaza fundo la ufunguo kiunoni.

Nyapara akaamua kwamba wakataji arobaini wa kwanza watakaoumwa wagawanywe, huyu kwa Mize, anayefuata kwa Chausiku, na sharti kila mmoja anywe dawa ya huko alikopangiwa tu.

"Chausiku, si lazima umshinde mwenzako," alisema. "Dawa yako haichelewi. Maiti wako wasizidi wake kwa zaidi ya wawili, basi ufunguo ni wako."

Masika yakaja, yakapita. Kwa Mize alikufa mmoja. Kwa Chausiku wakafa watatu. Chausiku akanyoosha mkono apewe chake.

Mize hakuutoa. Alisema, "Kumi na mmoja katika ishirini wako walikuja kwangu kwa mlango wa uani, wakanywa na mzizi. Hao wote wazima. Watatu waliokufa wametoka katika wale tisa waliobaki na unga wako peke yake."

Chausiku akamuuliza kwa nini aliwapa, na sharti analijua.

"Nakuchukia, Chausiku, silifichi. Lakini nimwangalie mtu anakufa ili nikushinde wewe?" Kisha akamgeukia mumewe. "Nawe hao wawili wa kuzidi uliwatoa wapi? Mbona hukusema mmoja?"

Nyapara akainama, maana kila mtu alijua analala nyumba ipi zaidi.

Chausiku naye si wa kunyamaza. "Sharti umelivunja wewe, dada, mbona niadhibiwe mimi? Na huo mzizi wako, nani aliwahi kuumwa akanyimwa, tukajua kweli ndio unaoponya? Nyoka wengine huuma wasitie sumu."

Babu yangu alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Alikunywa dawa zote mbili, na mpaka anazeeka hakujua amshukuru nani kati yao. Haya, ninyi mliokaa hapa: ufunguo ule, nani aliustahili?